Alama Kumi za Giza

Sekunde ngapi? Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi kwa zaidi ya wiki moja mwezi wa tano. Kichwa cha Anti kiliinama kwa sekunde ngapi? Zikiwa mbili, hakuna neno. Zikiwa tatu, labda hakuna neno. Zikizidi hapo, basi nilikuwa nimempigia makofi mtu aliyezimia, tena nikamwandikia alama kumi kwa kuzimia vizuri.

Nilikuwa nimehitimu chuo mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nikiishi Arlington, huku ughaibuni, kwenye nyumba ya kupanga yenye zulia la rangi ya uji, nikingoja kuitwa kwenye mahojiano ya kazi na kufikiria kila jambo mara nane. Nilikuwa na leseni ya kuendesha gari na gari dogo kuukuu, lakini sikuwahi kuingia barabara kuu hata siku moja. Nilipita njia za ndani, taa baada ya taa, hata kama zingenichelewesha nusu saa. Niliogopa ile sehemu ya kujiunga, pale ambapo lazima uamue upesi na magari yote yanakuja nyuma yako kwa kasi.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, mimi, nilipenda rolakosta, zile treni za bustani za burudani, kupita kiasi. Kwenye rolakosta huamui kitu. Wanakufunga, unapelekwa, unarudishwa.

Aliyenifundisha kuzipenda ni Anti. Hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa nesi wa miaka hamsini na kitu, aliyeishi peke yake Mansfield baada ya watoto wake kuhamia majimbo mengine. Aliniona kwenye chai ya kanisa, Jumapili waliyotusimamisha mbele sisi tuliohitimu ili tupigiwe makofi. Alinijia na sahani ya mandazi.

"Kwa nini unakaa kama mtu anayengoja majibu ya maabara?" akaniuliza.

"Nimechoka tu, Anti."

"Hujachoka. Una mawazo. Jumamosi nakuja kukuchukua."

Nilidhani ananipeleka kwenye mkesha wa maombi. Akanipeleka kwenye bustani kubwa ya burudani ya hapo hapo Arlington, akaninunulia tiketi, akaniketisha kwenye treni ya chuma iliyopanda mlima wa reli mpaka nikaona mapaa ya magari yote ya maegesho yakimetameta chini. Tulipoporomoka nilipiga mayowe, na kwa dakika nzima sikuwaza kitu. Nilishuka nikilia na kucheka. Anti akanipa tishu na kusema, "Hii ndiyo dawa ninayotumia mimi. Usimwambie mchungaji."

Kufikia mwezi wa tano tulikuwa wanne. Wa tatu alikuwa kaka mmoja Mtanzania aliyeishi Garland na kuendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani. Ndiye aliyekuwa mcheshi wetu. Wa nne alikuwa Mkenya mwenzangu, mwanafunzi wa uhandisi, tuliyemwita Injinia hata kabla hajamaliza mwaka wa tatu. Tulikuwa na kikundi kwenye simu. Wenzetu wa kanisani walitumiana mistari ya Biblia na picha za nyama choma. Sisi tulitumiana picha za reli. Tulibishana kama za mbao zinazidi za chuma, kama siti ya nyuma inashinda ya mbele, na kama ni dhambi kupanda ile ya watoto ili tu uiongeze kwenye hesabu yako. Mama yangu, huko nyumbani, nilipomwambia kwenye simu kwamba Jumamosi ninapanda kosta, aliuliza inaelekea wapi.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kikundi. Nilikuwa na daftari lenye jalada jekundu, na kila rolakosta tuliyopanda niliigawia ukurasa. Tulitoa alama moja hadi kumi kwa mambo matano: mporomoko wa kwanza, kuelea, yaani pale mwili unapoinuka kitini, kelele, foleni, na giza.

Giza ndilo watu wa nje hawakulielewa. Treni ikishuka mlima mrefu na kupinda ghafla kuelekea juu, damu inavutwa miguuni. Macho yanaanza kufifia pembeni, rangi zinaondoka, unaona kama kwa tundu la kufuli. Halafu mwanga unarudi. Ni sekunde mbili tu. Injinia alituchorea mishale kwenye karatasi ya chipsi kutueleza kwa nini hutokea. Sisi tulilipenda giza. Tuliamini treni isiyotia giza ni basi la shule. Mtu akishuka na kusema, "Leo nimeona giza," alishangiliwa kama aliyefunga bao. Lakini hakuna aliyewahi kupewa kumi. Kumi tuliiweka akiba.

Jumamosi ya zile sekunde, joto lilikuwa limeshaanza. Anti alikuwa ametoka zamu ya usiku akapitia nyumbani kubadilisha nguo tu, kisha akatuchukua mmoja mmoja kwa gari lake la siti saba kama alivyofanya siku zote. Tulipanda ile ndefu kuliko zote, mimi na Anti nyuma kabisa, wale wawili mbele yetu. Tulipofika chini ya mporomoko, giza likanijia pembeni kama kawaida, likaondoka kama kawaida, nikageuka kumwangalia Anti ili tucheke pamoja.

Kichwa chake kilikuwa kifuani. Mikono ilikuwa imeachia chuma cha kushikilia. Mkono wa kulia ulikuwa unarushwarushwa na treni, ukigonga ubavu wa siti. Tukapanda kilima cha pili, tukashuka. Tukaingia kwenye kona, kichwa chake kikalalia bega langu, kizito. Nilimwita. Upepo ukachukua sauti. Kisha, karibu na breki, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetoka majini, akafungua macho, akasema, "Nimeenda wapi?"

Wale wawili waligeuka. "Anti kaenda!" Kaka wa Garland akapaza sauti. "Kaenda moja kwa moja! Shikamoo Anti, mbinguni wanasemaje?"

"Marahaba," Anti akajibu, taratibu. "Wanasema hawakutaki."

Tukaangua kicheko. "Kumi!" akapiga kelele Injinia. "Hiyo ni kumi! Andika!" Wakapiga makofi, nami nikapiga. Tulipofika kwenye benchi nikafungua daftari jekundu na kuandika, mbele ya neno giza, kumi. Nikapigia mstari chini yake mara mbili.

Msalani, Anti alikuwa akimwagia maji baridi kifundo cha mkono kilichoanza kuvimba. Aliniona kwenye kioo.

"Hiyo ya leo ni ukosefu wa maji tu," akasema. "Na sikula asubuhi. Usiniangalie hivyo."

"Sikuangalii hivyo, Anti."

"Unaniangalia kama ndugu wa mgonjwa."

Nikaangalia sinki.

Kwa siku kadhaa nilijaribu kuamini ukosefu wa maji. Yeye alikuwa nesi tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa na shahada ya biolojia na hofu. Lakini kila nilipolala nilihisi uzito wa kile kichwa begani. Nilikumbuka pia jinsi alivyonikabidhi chupa ya maji alipotoka msalani. Ilikuwa imebaki nusu. Alikuwa amekunywa njia nzima; si maji aliyoyakosa.

Jumatano iliyofuata nilifanya jambo ambalo ni mtu wa rolakosta tu angelifanya. Kuna watu huweka kamera siti ya mbele na kuonyesha safari nzima mtandaoni, reli baada ya reli. Tulizitazama sana video hizo tukiwa hatuna cha kufanya. Nikaitafuta ya treni ile ile. Nikaweka simu ya pili kando, kwenye saa ya kuhesabia. Nilipofika chini ya mporomoko nikabonyeza. Nilipofika pale Anti alipovuta pumzi, pale kwenye nguzo ya bluu kabla ya breki, nikabonyeza tena.

Kumi na nne.

Nikarudia, nikitumaini kidole changu kilikosea. Kumi na nne. Nikarudia nikihesabu kuanzia kilima cha pili, nikijiambia labda pale chini alikuwa bado yupo. Kumi. Haikujalisha nianzie wapi. Giza letu ni sekunde mbili.

Jambo la busara lingekuwa kumpigia mtu simu. Badala yake nilianza kufikiri. Nikimwambia Kaka wa Garland, atafanya mzaha kwanza na kuelewa baadaye, na katikati ya hapo atakuwa ameshatuma kwenye kikundi. Nikimwambia mchungaji, kufikia Jumapili jioni Wakenya wote wa Arlington na nusu ya Grand Prairie watakuwa mlangoni kwa Anti na chupa za chai na sufuria za pilau, wakimwekea mikono kichwani. Anti alilichukia jambo hilo kuliko ugonjwa wenyewe. Nikimwambia Anti, nitakuwa mtoto wa juzi anayemfundisha nesi kazi yake. Niliandika ujumbe kumi na mmoja kwenye simu, nikaufuta wote. Wa mwisho ulisema "Shikamoo Anti, umeshindaje?" Nikaufuta pia, kwa sababu ulionekana una jambo nyuma yake.

Ijumaa tukakutana nyumbani kwake Mansfield kupanga safari ya Houston. Ilikuwa safari tuliyoizungumza tangu mwezi wa pili. Tungeondoka alfajiri ya Jumamosi ya wiki iliyofuata, tushuke barabara ya arobaini na tano, tusimame kwenye kile kituo kikubwa cha mafuta katikati ya njia, ambako choo ni safi kuliko nyumba ya Kaka wa Garland, maneno yake mwenyewe. Mchana tungepanda ile ya mbao iliyo kando ya ghuba, kusini mwa Houston. Jioni tungefika Galveston kwenye ile iliyojengwa juu ya gati, ambapo unaporomoka ukiona maji ya Ghuba ya Meksiko chini ya viatu vyako. Jumapili tungerudi.

"Mji mkubwa vile," Injinia alikuwa akilalamika, mdomo umejaa chapati, "na hauna bustani kubwa hata moja. Iliyokuwepo zamani waliivunja. Ni uwanja mtupu sasa."

"Tukapige magoti hapo," Kaka wa Garland akasema. "Tuweke maua."

"Usicheke. Kuna watu huenda kweli."

"Kwani mimi nacheka? Nitavaa suti nyeusi." Kisha akageuka. "Sasa dereva wetu, Anti, unatufikisha kwa saa ngapi? Saa nne za njia, au nne na nusu kwa mwendo wako wa bibi harusi?"

"Nitakushusha njiani, Corsicana, utembee," Anti akasema, akainuka kwenda kuchukua chupa ya chai.

Mimi tu ndiye niliyekuwa nimekaa upande wa kuona jikoni. Alipofika kaunta alisimama. Akaishika kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akangoja. Niliona vidole vyake vikibadilika rangi kwa kukaza. Nikaanza kuhesabu bila kutaka. Nilifika sita. Akainuka, akachukua chupa, akarudi akitabasamu na kumimina chai bila kumwaga hata tone.

Nilimfuata jikoni wale wawili walipotoka nje kubishania ni nani atakaa siti ya mbele garini.

"Anti. Ile ya Jumamosi ilikuwa sekunde kumi na nne."

Alikuwa akifunika sufuria. "Ile gani?"

"Nilipima kwa video."

Akacheka kicheko kifupi. "Umepima kwa video. Wewe mtoto utakufa kwa mawazo."

"Na sasa hivi umeshika kaunta."

Kicheko kikaisha. Akachungulia mlango, akashusha sauti. "Sikiliza. Nilianguka mara moja tu kazini, kwenye chumba cha dawa. Sikuanguka hata, nilikaa chini. Hakuna aliyeniona. Ni uchovu wa zamu."

Sikuwa nimemuuliza habari za kazini. Sikuwa hata na wazo la kuuliza.

"Mwambie daktari."

"Nimwambie nini? Unajua swali la kwanza atakaloniuliza? Mama, unaendesha gari? Nikisema naendesha, ataniambia nisiendeshe, miezi sijui mingapi, mpaka wanipime kila kitu. Hapa Mansfield bila gari mimi ni nani? Kazini nitaenda na nini, baiskeli ya jirani? Nimewaambia wagonjwa maneno hayo mimi mwenyewe. Nimeona nyuso zao."

"Lakini Anti..."

"Lakini nini? Mimi ni nesi. Ninajua mwili wangu. Niahidi hutasema kwa mtu."

Kila nikikumbuka ninatamani ningekaa kimya tu. Lakini nimelelewa kumjibu mtu mzima anaponiuliza, na jibu lililokuwa karibu mdomoni lilikuwa lile alilolitaka. Nikaahidi. Akanipigapiga shavuni kwa mkono wenye mafuta ya chapati, akanifungia nne kwenye karatasi ya foili nipeleke nyumbani.

Akanirudisha Arlington yeye mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeletwa na Injinia, naye Injinia alikuwa amekwishaondoka. Ni dakika ishirini kwa barabara kuu ya mia tatu na sitini. Nilikaa siti ya mbele na foili ya moto mapajani nikiangalia mikono yake kwenye usukani. Magari yalikuwa pande zote. Kwenye gari la kushoto kulikuwa na kiti cha mtoto, na mguu mdogo wenye soksi ya njano ukirushwarushwa. Niliutazama ule mguu mpaka tukaachana nao. Kwenye rolakosta, mtu akizimia, reli inaendelea kumshika.

Wiki hiyo sikula vizuri. Nilijitetea kwa kila namna. Mara nyingine nilijiambia kuwa nimeahidi na ahadi ni ahadi. Mara nyingine nilijiambia kuwa labda sekunde zangu si sahihi, kwamba video ni ya siku nyingine na treni hukimbia zaidi kukiwa na joto. Nilijaribu hata kumzunguka Injinia. Nilimuuliza kwa simu, kama utani, mtu anaweza kukaa gizani muda gani.

"Sekunde tatu, nne ukiwa umekunywa pombe," akasema.

"Na kumi na nne?"

"Kumi na nne si giza tena. Kumi na nne ni kuita watu." Kisha akauliza, "Kwani ni nani?"

"Nimesoma tu mahali," nikasema, na nikajichukia kwa uwongo huo hata kabla sijakata simu.

Kilichokuwa kikinitafuna zaidi, nilipojichunguza, hakikuwa ahadi. Kama ningesema, ningemnyang'anya gari na nisimpe kitu badala yake. Ni rahisi kumwambia mtu asiendeshe ukiwa wewe huendi kazini. Mimi, ambaye Anti alinibeba kwa gari lake tangu mwezi wa kwanza, kanisani, dukani, kwenye mahojiano mawili, nilitaka kumwambia aegeshe. Halafu ni nani angempeleka zamu? Nilijua jibu tangu mwanzo. Nililizunguka kama ninavyozunguka barabara kuu.

Jumanne asubuhi nikaingia kwenye gari langu dogo, nikaenda mpaka njia ya kupandia ile mia tatu na sitini. Nikaikosa kwa makusudi. Nikazunguka mtaa, nikaikosa tena. Mara ya tatu nikawasha taa ya kugeuka, nikakanyaga mafuta, na kujiunga huku nikiongea kwa sauti kama ninayemwelekeza mtu mwingine. Lori lilinipigia honi. Nilipitiliza pa kutokea na kujikuta nakwenda upande wa uwanja wa ndege. Nikashuka nikiwa nimelowa mgongo mzima, nikakaa kwenye maegesho ya duka la matairi dakika kumi. Kisha nikarudi. Jumatano nikaenda mara tatu, mpaka Mansfield na kurudi, bila kupita kwa Anti.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Nikaenda saa nane mchana. Nikaegesha nje ya nyumba yake, tairi moja juu ya nyasi, na kugonga mlango kabla sijapata muda wa kupanga maneno.

Alifungua akiwa na kanga kiunoni na miwani ya kusomea. "Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Kwa njia za ndani? Lazima uliondoka asubuhi."

"Kwa mia tatu na sitini."

Akachungulia nyuma yangu. Akaliona gari langu na lile tairi kwenye nyasi zake. Akanipisha niingie.

Sikuketi. Nilijua nikiketi nitaletewa chai, na nikinywa chai nitanyamaza. "Anti, naomba unisamehe, lakini nitavunja ile ahadi. Sitapanda gari ukiliendesha. Na wale wengine nitawaambia leo kwa nini, kabla hawajafunga mabegi. Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

Alivua miwani. "Utawaambia."

"Ndiyo."

"Umetoka Arlington kuja kunitisha nyumbani kwangu."

"Sikutishi."

"Unanitisha. Mtoto niliyekufuta machozi kwenye benchi. Unajua nimeshika mikono ya watu wangapi wakifa? Halafu unakuja na video ya simu." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angepiga kelele ningejua pa kushika. "Na kazini? Umefikiria hilo, wewe unayefikiria kila kitu?"

"Nitakupeleka mimi. Kila zamu. Kwenda na kurudi. Mpaka daktari aseme vingine."

"Wewe."

"Mimi."

"Wewe unayeshuka garini kuangalia kama umewasha taa."

"Leo nimeangalia mara moja tu."

Nadhani alikaribia kucheka. Akageuka dirishani badala yake, akakaa amenipa mgongo. Nikatoa simu mfukoni. Niliandika kwenye kikundi, yeye akiwa mita mbili kutoka kwangu, na nikasoma kwa sauti nilivyoandika, ili asije akadhani nimesema zaidi ya nilivyosema: Houston tunaiahirisha. Zile alama kumi za giza nazifuta. Anti alizimia, nilikuwa kando yake, na nilipiga makofi kama ninyi. Anakwenda kwa daktari. Msimpigie simu leo, na msimwambie mtu kanisani.

"Nani amesema nakwenda kwa daktari?" akauliza dirishani.

Nikabonyeza.

Simu ikaanza kulia karibu papo hapo. Kaka wa Garland aliandika neno moja, pole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza kitu. Injinia aliandika, kumi na nne? Nikamjibu, ndiyo.

Anti alitoka dirishani akaingia chumbani. Nikamsikia akifungua na kufunga kabati. Nilisimama pale sebuleni nikifikiria jinsi ya kuondoka, kama niage au nitoke tu, kama kanisani atakaa mbali nami, kama mama yangu ataambiwa. Mawazo yangu yalikuwa yamefika kwa mama yangu wakati Anti alipotoka. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na viatu vya kazi, mkoba mkononi.

"Kuna kliniki karibu na duka la dawa, wanapokea bila miadi," akasema. "Nakwenda kukuonyesha kwamba ni maji tu. Tutatumia gari langu. Lako nitaingiaje?"

Akaninyooshea funguo bila kunitazama. Gari la siti saba ni refu. Nilirudi nyuma kutoka kwenye njia yake ya gari kwa hatua za kinyonga, yeye akishikilia mkono wa mlango kwa nguvu kuliko alivyowahi kushika chuma cha rolakosta yoyote. Njiani alisema mambo mawili tu: niwashe kiyoyozi, na kwamba ile taa bado ni ya njano, sikuwa na haja ya kusimama.

Kliniki ilikuwa na watu wawili na televisheni isiyo na sauti. Karani akampa fomu kwenye ubao. Anti akajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, dawa anazotumia, mwandiko wake mzuri wa nesi ukishuka ukurasa bila kusita. Kisha ukasimama. Nikachungulia. Swali liliuliza kama umewahi kupoteza fahamu, na kama ndiyo, mara ngapi.

Alikaa na kalamu hewani. Nyuma ya mlango mtoto alikuwa akikataa kufungua mdomo, mama yake akimbembeleza kwa Kihispania.

"Shika," Anti akasema, akanisukumia ubao. "Si wewe ndiye mwandishi wetu."

Nikatia alama kwenye ndiyo. Mbele yake nikaandika mbili. Nilikuwa naanza kuandika zile sekunde aliponigusa mkono.

"Tatu," akasema.

Nikainua kalamu.

"Nyingine ilikuwa garini. Mwezi wa nne, natoka zamu. Nilikuwa nimesimama kwenye taa, Mungu alinisaidia nilikuwa nimesimama." Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyeniamsha kwa honi."

Nikaikata ile mbili, nikaandika tatu, na kumpelekea karani fomu.